Uji wa Darasa la Kisomo

Chanika, Handeni
12 Agosti 1975

Mume wangu Kibwana,

Salamu. Mimi mzima, mama yako mzima, ila nguruwe mwitu wamefukua mihogo yote ya bondeni.

Kwenye kisomo chetu cha watu wazima alikuja msomi kutoka Dar es Salaam, Bwana Semboja. Anataka kujua kama uji unamsaidia mtu kukumbuka maneno. Kundi moja linywe, jingine lisinywe, kisha awapime wote. Mimi nikapewa kazi ya kugawa. Loo! Nani atakunywa huku mwenzake anamtazama? Wakapokezana vikombe mpaka sufuria ikakauka. Bwana Semboja akanifokea: "Bi Zamda, tunabadilisha uji tu! Mengine yote yabaki vilevile, ndipo tujue kilicholeta tofauti!"

Alinichosha, lakini maneno yake yamenikaa. Maana dada yako Mwanaidi ameniambia unataka kuposa mke wa tatu. Miaka saba umeniita tasa, nikanywa mizizi ya kila mganga kuanzia hapa hadi Mkata. Ukamwoa Mwajabu huko Korogwe, mwaka wa nne huu, naye hajashika mimba. Mke umebadilisha, matokeo ni yaleyale. Sasa unataka kubadilisha tena kitu kilekile?

Aliyekuletea barua hii amebeba na kifurushi. Ni mizizi yangu iliyobaki. Safari hii ichemshe, unywe wewe.

Mkeo wa kwanza, kwa mkono wangu mwenyewe,
Zamda