Nukta Iliyosimama Nakivale

Mama,

Nakuandikia kwa sababu wiki hii nimekutana na wewe kazini.

Kwanza nikupe habari. Nilimaliza chuo, nikapanga chumba Nyamitanga, na nimepata kazi kwenye utafiti wa usafiri hapa Mbarara. Ungecheka: mwanao analipwa kuangalia nyanya zikitembea. Wenzako wauza nyanya wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wamekubali tuweke kifaa kidogo kwenye makreti yao, halafu mimi nakaa mbele ya kompyuta nikiona kila pikapu ikisogea kwenye ramani kama nukta nyekundu. Tunataka kujua mzigo unacheleweshwa wapi mpaka unaoza, ili safari zipangwe upya.

Basi nikaona jambo. Kila nukta ikishatoka kambini ilisimama sehemu moja. Pale hakuna soko wala stendi. Inasimama kidogo, inaendelea. Magari yote, kila siku ya soko. Mkubwa wangu alitazama akasema, "Hiyo mashini iko na shida. Toa hiyo."

Nilitaka kufuta, lakini kwanza nikaivuta ramani karibu. Nikapaangalia vizuri, nikapatambua. Ni pale makaburini, tulipokulaza.

Mama, tangu siku ile sijaweza kurudi. Nilikuwa nawaza umebaki peke yako ugenini, huna ndugu wa kukupalilia, na watu wa kambi wanahama kila leo. Nani angekukumbuka? Wazo hilo lilikuwa linaninyima raha. Nikampigia Papa Zakaria, yule dereva uliyekuwa ukigombana naye akipakia vibaya. Alinijibu taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, wala hakuona ajabu:

"Pale tunazima moteri. Bamama banashuka, banamwambia mama yako leo tunapeleka nini. Kama nyanya ni mingi, banamwambia. Kama ni kidogo, banamwambia. Kisha tunaenda."

Nilimshukuru, nikakata simu. Wewe uliyekuwa ukinisukuma sokoni, "Weye Neema, salimia batu kwanza, utauza kisha"... kumbe wanakusalimia kwanza. Nimesoma mengi kuhusu kwa nini watu hupita njia hii na si ile, lakini jambo kubwa namna hii sijawahi kuliona. Nililia pale pale ofisini, Mama, sikujificha.

Nukta sikuifuta. Nilimweleza mkubwa, akavua miwani, akaniambia niiache. Sasa tunapopanga muda wa safari, kituo chako kimo, na hakuna atakayekiita ucheleweshaji.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi siku ya soko ijayo nitapanda pikapu kutoka Nakivale na kushuka na wenzako. Nitasubiri wamalize wao, maana wao ndio wamekuwa wakija. Sina mzigo wa kukutajia. Nitakuambia tu kwamba nimefika.

Mwanao,
Neema