Kanda ya Atieno

Rodi Kopany, Jumatano, Agosti 1996

...wala sitaichoma. Kamati ya kanisa inataka kanda ya roki ya mjukuu wangu Atieno iteketezwe Jumapili, la sivyo nivuliwe uzee wa kanisa.

"Mwalimu, hiyo si muziki," mwenyekiti alinicheka. "Hiyo ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu huko Osiri!"

Mimi pia mwanzoni nilisikia chuma tu. Kisha nikaisikiliza jinsi ninavyofundisha kwaya, sauti moja baada ya nyingine. Chini ya chuma pana ngoma, chini ya ngoma magitaa, na chini kabisa mtu anamlilia Mungu asimwache.

Naogopa kukipoteza kiti changu. Hata hivyo, Jumapili nitabeba redio ya kanda, si kiberiti. Wakishamsikia mtu yule, atakayeweza aichome mwenyewe.