Miguu Uliyoiona Kwenye Video

Nyumbani, nyuma ya karakana ya makochi,
Jumapili alasiri, tarehe 9 Machi.

Mpendwa shemeji yangu Mziwanda,

Hujambo? Najua tuliongea majuzi, lakini salamu za simu si salamu. Mmoja anauliza "mzima?" na mwenzake anajibu "sikusikii". Basi leo nikusalimu kwa nafasi. Mkeo hajambo? Kifua kimemwachia? Mapacha wameshaota meno ya mbele, au bado wanacheka kama vikongwe? Na mama mkwe, magoti yake yanasemaje? Mpe shikamoo yangu, ila kabla hujamsomea barua hii, isome mwenyewe kwanza mpaka mwisho.

Sisi huku tunapumua. Dada yako anakula, presha yake imetulia. Mimi mgongo wangu ni uleule wa fundi makochi, ukishainama unataka kubembelezwa ndipo unyooke.

Utajiuliza kimempata nini shemeji, mtu ambaye ujumbe wa simu anaujibu kwa neno "sawa" tu, leo kashika kalamu. Dada yako ndiye aliyeniagiza. Alisema, "Usimpigie. Mwandikie. Sitaki kuisikia sauti yake ikibadilika."

Nianze na ile mashine ya gemu uliyotutumia. Sijawahi kukushukuru inavyopasa. Tangu siku ile dada yako alipoanguka saluni, kitana kikabaki kwenye nywele za mteja, upande wake wa kulia ukalala, hakuna aliyekuwa amebuni kitu cha kumfurahisha. Wote tulileta matunda na nyuso za msibani. Wewe ukaleta mchezo. Yule mama wa mazoezi ya viungo, anayetoka hospitali kuja kumnyoosha, naye alikubali. Alisema afadhali mgonjwa acheze kuliko kuhesabiwa "moja, mbili" kama yuko gwarideni.

Lakini ile kamera yake inayomfuatisha mchezaji, shemeji, ina madaha kuliko bibi harusi! Kile kidude kidogo kilikaa juu ya televisheni kikawa kinatupangia nyumba. Kilitaka nafasi, nikatoa kochi kubwa sebuleni nikalirudisha karakana. Mimi, fundi makochi, wageni wangu wakawa wanakaa kwenye ndoo. Dirisha likiwa wazi kinapofuka na mwanga, nikifunga pazia kinasema giza. Siku moja kilihesabu wachezaji wawili na dada yako alikuwa peke yake. Kumbe kilikuwa kinaliona koti langu kwenye msumari wa mlango. Alicheka mpaka mate yakamtoka. Akasema, "Angalau koti lako lina bidii."

Kitu kilichoniuma tangu mwanzo ni hiki. Akikaa kwenye kiti cha magurudumu, kamera haimwoni. Inaona kiti tu, sijui, au inaona mchanganyiko isiouelewa. Skrini inaandika kwamba mchezaji hayupo. Naye anapunga ule mkono wa kushoto, anapiga kelele, "Nipo! Nipo hapa!" Alikuwa akifanya mzaha, lakini mimi nilikuwa natoka naenda kutafuta kazi karakana.

Kwa hiyo akasema nimsimamishe. Gauni likawa linaficha magoti, kamera ikayakosa, akakubali kuvaa ile traksuti yako ya zamani uliyoisahau kabatini. Nikasimama nyuma yake, mikono yangu kwapani mwake, mgongo wake kifuani kwangu. Akachagua mchezo wa kutembea, ule wa njia yenye miti na watu wanaopiga makofi pembeni. Mtu akinyanyua goti hapa sebuleni, kijitu cha kwenye skrini nacho kinanyanyua goti kule. Ili aweze kuhama uzito, ilibidi niyumbe naye, nami ninyanyue mguu pale anapotakiwa kunyanyua, kama unavyomfundisha mtoto hatua za kwanza.

Na kile kijitu kikatembea, shemeji. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Watu wa kwenye skrini wakapiga makofi, kengele ikalia, nyota zikamwagika. Dada yako akapiga ukelele uliowatoa mafundi wenzangu karakana, wakaja mbio na nyundo mikononi wakidhani tumevamiwa. Mmoja wao ndiye aliyeichukua ile video kwa simu yangu. Ndiyo video niliyokutumia.

Sasa habari yenyewe uisikie hapa, maana hakuna njia nyingine ya kuisema. Ule mguu wa kulia uliouona ukipanda kwenye skrini haukuwa wake. Ulikuwa wangu.

Sikujua, nakuapia. Nilikuwa nyuma yake, uso wangu umezama shingoni mwake, naangalia skrini kama yeye alivyokuwa akiangalia. Mama wa mazoezi alikuwa likizo ya uzazi, hakuna wa kutuambia. Kila jioni tulicheza. Kila jioni nyota. Na ungemwona jinsi alivyobadilika! Akaanza kudai kioo. Akaanza kunigombeza kuhusu chumvi, jambo ambalo sikujua kwamba nililikosa. Akampigia mwenzake wa saluni akamwambia, "Usimtafute msusi mwingine. Kiti changu kisikaliwe na mtu, narudi." Akampigia mama yenu. Akakupigia wewe, nawe ukapiga vigelegele hadi simu ikakwaruza, ukasema unaomba ruhusa kazini uje kutembea naye.

Kisha nikakanyaga pini. Zile pini za stepla tunazopigia kitambaa kwenye mbao zinadondoka ovyo, na moja iliingia chini ya kisigino changu cha kulia, pakavimba. Jioni ile nilimshika kama kawaida, lakini mguu wangu niliutia chini nikauacha hapohapo. Kijitu kwenye skrini kikanyanyua goti la kushoto. La kulia likabaki.

"Hii leo ina nini?" akauliza. "Inauonea mguu wangu. Hebu ifute, ina vumbi."

Nikafuta kamera kwa shati langu. Tukarudia. La kushoto likapanda, la kulia likagoma. Akajaribu mpaka jasho likamtiririka, nami nilihisi misuli ya mgongo wake ikikakamaa kifuani kwangu kwa jinsi alivyokuwa akijikamua. Mwisho akachoka, akalaza kichwa begani kwangu, akafumba macho. Ndipo wazo likanijia. Alikuwa ametulia kabisa. Nikaunyanyua mguu wangu wenye jeraha, polepole.

Goti la kulia la kijitu likapanda. Kengele ikalia. Nyota ikatokea.

Akafumbua macho, akatabasamu. "Umeona? Lilikuwa vumbi tu."

Shemeji, nimezika baba na mama, lakini hata siku zile zilikuwa nyepesi kuliko jioni ile. Nilimkalisha, nikamfunika miguu, nikasema mguu unauma naenda kuukanda kwa maji moto. Nilisimama uani nikasahau hata kuwasha jiko.

Mama wa mazoezi alirudi kazini wiki ileile, namshukuru Mungu. Alipokuja nilimvutia karakana kwanza, kati ya masponji, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. Akasema kamera ile inaona umbo tu, inabahatisha goti liko wapi na kiwiko kiko wapi. Watu wawili wakishikamana inawasoma kama mtu mmoja, na mguu wowote inaoupata inaupachika kwa yule wa mbele. Haijui nani amebeba uzito. Haitofautishi mguu uliokufa ganzi na mguu uliojificha. Akasema ilitengenezewa mtu mzima wa afya, anayesimama peke yake katikati ya chumba kikubwa.

Nikamuuliza kama kweli hakuna chochote alichokipata kwa jitihada zote zile. Akasema, "Mgongo umepata nguvu. Upande wa kushoto umepata nguvu sana. Ila ule mguu wa kulia, fundi, sidhani kama utafika mbali zaidi ya ulipo." Akajitolea kumwambia dada yako yeye mwenyewe. Nikasema hapana. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake.

Nilimwambia siku hiyohiyo mchana, nimepiga magoti mbele ya kiti chake. Nilianza na pini, nikamaliza na vumbi. Nilipomaliza akasema, "Nisimamishe."

"Mke wangu, si lazima."

"Nisimamishe. Washa. Na wewe usinyanyue kitu."

Nikafanya hivyo. Niliikaza miguu yangu kama nguzo. Kijitu kikasimama kwenye njia yake yenye miti, kikawa kinanyanyua goti moja, lilelile moja, na upande wa pili umening'inia. Nikataka kuzima, akanikataza. Akautazama mchezo mzima mpaka ukaisha. Hapakuwa na kengele. Ile mashine ikaandika kwamba ajaribu tena.

"Kumbe ndivyo nilivyo," akasema. Kisha akaongeza, "Na wale watu wote wanaopiga makofi mle ndani, kumbe walikuwa wanakupigia wewe."

Nikaizima mashine, shemeji. Wewe ungekuwa na jibu gani?

Tangu hapo alibadilika. Si hasira, maana hasira yake naijua na tumezoeana nayo. Alikuwa akinishukuru kwa kila kitu, maji, mto, kanga ya kujifunika, kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji wake. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Juzi akaniomba simu. Akampigia mwenzake wa saluni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yule msusi uliyeniambia, mchukue. Kiti kile kirefu kidogo, mwambie akishushe kama ni mfupi." Akakata. Mwenzake akaja jana, amemletea mafuta ya nywele, akataka kumsuka. Akakataa mara mbili, ya tatu akainamisha kichwa. Nilikuwa napita na mbao nikawaona. Yule mwanamke alikuwa anasuka huku analia bila sauti, na dada yako, macho mbele, anamwelekeza, "Umevuta mno. Hapo kwenye kisogo fungua urudie."

Mashine nimeitia kwenye boksi lake. Nilimuuliza tuirudishe kwako au tumpe mtu. Akasema, "Mpe mwenye miguu yake." Tafadhali usione tumeidharau zawadi yako. Ulitoa kwa upendo na ilitupa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli hata kama mguu haukuwa wa kweli. Sijui kama ninasema sawasawa. Kuna nyakati naitamani irudi, hata ya uongo, halafu naona haya.

Mama wa mazoezi anaendelea kuja. Wanafanya kazi na upande wa kushoto sasa, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kunitegemea mimi. Jana dada yako aliweza nusu ya njia. Hakushangilia, na mimi nikajizuia kushangilia.

Mama mkwe usimsomee haya. Mweleze kwa mdomo wako, akiwa amekaa na amekula, na umshike mkono. Alishawatangazia jirani zenu wote kwamba mwanawe anatembea, nami naona uchungu kwa ajili ya yule mzee atakaporudi kuwaambia.

Msalimie sana mkeo, mwambie zile soksi alizozituma dada yako anazivaa zote mbili. Wabusu mapacha kwa niaba ya shangazi yao. Mafundi wenzangu wa karakana wote wanakusalimu, hasa yule aliyechukua video. Ile nakala niliyomrushia ameifuta kwenye simu yake bila kuambiwa.

Kuhusu safari, njoo. Ruhusa uliyoomba usiirudishe. Dada yako aliwaza pengine utaahirisha ukishajua hakuna wa kutembea naye, nikamwambia simjui shemeji wa namna hiyo. Ukifika usibaki umesimama mlangoni. Chuchumaa muwe sawa, umpe mkono wa kushoto. Na machozi yakikujia, yatoe hapohapo mbele yake, usiyafiche. Hilo ni agizo lake, ameniambia asubuhi hii niliandike kama lilivyo: amechoka na watu wanaokwenda kulia uani na kurudi wakijidai wamekata vitunguu. Nami nilikuwa nadhani hajui.

Mungu akulinde njiani, awape afya wote walio chini ya paa lako, na atukutanishe tungali tunatambuana kwa sauti.

Ni mimi shemeji yako, wako akupendaye daima,

Fundi