Salma Amenisainia

Alhamisi usiku

Wala Salma hana kosa, alitaka kunisaidia tu. Ndiyo maana nashindwa hata kumkasirikia.

Tangu Jumatatu nlikuwa nimelala na homa kwenye hiki chumba nilichopanga Bububu, peke yangu, hata maji ya kunywa najikokota kuyafuata. Leo nimejikongoja mpaka chuoni. Salma, ninayekaa naye darasani, akanipokea kwa furaha: "Neema! Usitie shaka, mahudhurio yote nshakusainia." Hakuniuliza nlikuwa wapi.

Mwaka jana, nilipokuwa najitolea kwenye meli ya wamisionari, siku ya mazoezi ya moto nilipitiwa na usingizi kwenye chumba cha kufulia. Watu wote wa meli walisimamishwa juani wakahesabiwa, nikakosekana mimi; nahodha akawakataza wasitawanyike mpaka nipatikane. Mpishi aliyeniona alinifokea, kisha akanikumbatia. Niliona aibu. Sikujua kwamba iko siku nitaitamani aibu ile.

Mungu wangu, nimechoka. Hata sala siku hizi naianza, nikifika katikati...

Ningekufa Jumanne, mpaka leo ningekuwa sijakosa kipindi hata kimoja.