Damu ya Jumatatu

Tarehe 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, nakula na nalala, kwa hiyo maswali hayo usiyarudie. Wewe je? Mguu unasemaje? Kidonda cha kidole kimefunga au bado kinachungulia? Na usinijibu "naendelea vizuri". Hilo ndilo jibu ulilonipa mwaka jana, wakati ule mshipa wa plastiki waliokuwekea pajani kupeleka damu mguuni ulikuwa umeshajaa usaha.

Tulikubaliana mambo mazito tuyaandike, maana kwenye simu tunaishia kukatiana. Zito la leo lakini ni la furaha. Mrija wetu umefaulu! Nakueleza kama ninavyowaeleza wageni wanaotembelea maabara, wewe usisinzie tu. Tunasokota nyuzi nyembamba kuliko unywele, tunazizungusha mpaka tunapata mrija laini unaonyumbulika kama mshipa wa mtu. Ule wako wa mwaka jana ulikuwa plastiki tupu. Bakteria walijibanza juu yake, wakajifunika utelezi wao, na chembe nyeupe za damu yako zikapita bila kuwaona. Huu wetu tumeupaka kitu kinachoziamsha hizo chembe. Zikiugusa tu zinachachamaa, zinamla kila bakteria aliye karibu. Nimeziona kwa macho yangu kwenye darubini, Mama, zinakula bila aibu.

Profesa anasema majaribio kwa wagonjwa yanaanza Mei, na hospitali yako ni mojawapo. Daktari wako wa mishipa ameshaandika jina lako. Nimecheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanipisha.

Mwanao,
Mkaidi

Tarehe 15 Februari

Mwanangu Mkaidi,

Marahaba. Hapa tunaendelea, na safari hii sitakuficha. Kidole kimekuwa cheusi. Usiku mguu unaniwaka, mchana unakufa ganzi. Daktari alikuwa ameshaanza kunipapasa chini ya goti kwa ile sura yao ya huruma, nikajua anapima pa kukatia. Nikamwambia kisu kitie mfukoni kwanza, binti yangu anatengeneza mshipa. Alipotaja mrija huo mwenyewe, karibu nishuke kitandani nimkumbatie.

Saluni nzima inajua. Nimejigamba mpaka wasichana wangu wananikimbia. Hata yule mteja anayejidai kwa mwanawe rubani, jana nilimnyamazisha. Nilimwambia wa kwako anaendesha tu, wa kwangu anatengeneza.

Unajua mwanangu, mimi duka langu ni miguu. Kichwa kimoja cha kusuka ni kusimama nusu siku. Nikikatwa nitakuwa mtu wa kuwekwa kwenye kiti na kuulizwa kama nimeshiba. Fanya haraka na huo mrija wako. Na ule matunda.

Mama yako

Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, sikuwa mgonjwa. Mguu umeamkaje? Ukishajibu hilo moyoni, kaa kwanza ndipo usome.

Maabara yetu ina desturi yake. Kila Jumatatu asubuhi tunakunja mikono ya mashati, fundi wa maabara anatutoa damu sisi wenyewe, na wiki nzima tunaitumia kujaribia mirija. Profesa anaijivunia sana desturi hii, anasema damu ya nyumbani haina foleni. Sasa angalia ni damu ya nani. Ni ya vijana wanaokimbia asubuhi. Hakuna mwenye sukari kama wewe, hakuna aliyefika miaka hamsini. Tangu kazi hii ianze mrija umeonja damu ya aina hiyo tu, na hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tunajipima wenyewe na kujipa hongera.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya sukari, wagonjwa wakakubali kunipa damu. Chembe nyeupe zao zinafika kwenye mrija, zinaamka, zinavimba, halafu zinasimama tu. Hazili. Bakteria wanazaliana pembeni yake. Nikarudia. Nikamwomba fundi naye arudie bila kumwambia damu ni ya nani. Jibu ni lile lile. Mbaya zaidi, chembe zilizoamka bila kula zinamwaga sumu yao kwenye mshipa wa mtu mwenyewe, pale ulipounganishwa na mrija, na mshipa unalainika. Mshipa wa paja ukilainika unaweza kupasuka. Hapo hatuzungumzii mguu tena, Mama. Mtu anakwisha kitandani kabla nesi hajafika.

Nimempelekea Profesa. Anasema majaribio yangu hayo ni machache, niyaweke kando, tutayaangalia kazi ikishaanza. "Watu hawa miguu yao inakatwa hata hivyo," akaniambia. "Wewe unawanyima nafasi ya mwisho." Anataka saini yangu kwenye karatasi ya usalama kwa kuwa mimi ndiye niliyeupima mrija.

Nimekataa. Najua ninachokataa. Nikifumba macho nauona mguu wako, lakini sisaini.

Mwanao,
Mkaidi

Tarehe 16 Aprili

Mkaidi,

Marahaba. Kidole cha pili nacho kimekuwa cheusi, kwa hiyo habari za afya tumemaliza.

Nani alikutuma uniokoe? Mguu ni wangu, paja ni langu, na huo mshipa ukipasuka utakuwa umepasuka kwangu. Nimekula chumvi nyingi, kufa siogopi. Ninachokiogopa nilishakwambia. Wewe umewahi kumsuka mtu ukiwa umekaa? Umewahi kuomba kupelekwa chooni? Nina wasichana wanne wanaokula kwa sababu mimi nasimama. Daktari amenipa mpaka mwisho wa Mei, baada ya hapo ni kisu.

Nilikulea peke yangu kwa miguu hii hii. Nilisimama nikakusomesha mpaka ukawa mtu wa kuambiwa "saini hapa". Leo umeambiwa, unaringa! Na mbele ya wateja nitasema nini? Kwamba yule wa kutengeneza ndiye aliyeharibu?

Saini. Kama hutaki kunisikia, basi usiniandikie.

Mama yako

Tarehe 2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie, lakini wewe ndiye uliyenipa jina la Mkaidi, sasa vumilia.

Sijasaini, na nimeshamwaga unga. Jumatatu nilifika, kadi yangu ikagoma kufungua mlango. Vitu vyangu nilikabidhiwa na mlinzi kwenye boksi la glavu. Nilimpita, nikaingia kwenye kikao chao nikiwa nimelikumbatia boksi langu, nikayasema matokeo yangu yote mbele ya kila mtu mpaka waliponitoa. Wenzangu walitazama meza. Fundi wa maabara peke yake alisema, "Mimi nilirudia, ni kweli." Sijui kama naye bado ana kazi.

Profesa amesaini mwenyewe. Nimewaandikia hospitali zote mbili zitakazouweka mrija. Moja imenijibu kunishukuru kwa maoni yangu, kana kwamba nimelalamikia rangi ya mapazia. Yako haijajibu.

Kwa hiyo mrija unakuja, Mama, na mimi siwezi kuuzuia. Siwezi kukuambia mguu si wako. Ni wako. Nakuomba tu ukatae. Ukikasirika nikasirikie ukiwa hai, hata miaka ishirini, nitakuja kila mwaka unifokee.

Mwanao,
Mkaidi

Tarehe 21 Mei

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, najua umelazwa. Nilipiga simu saluni, wasichana wakaniambia kisha wakakata. Najua umewaagiza.

Jana nilikuja. Nesi alirudi kutoka kwako akaniambia kwa upole, "Mama amesema hana mgeni." Nilikaa kwenye ngazi za nje mpaka muda wa wageni ukaisha na mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu. Nesi huyo huyo ameniambia upasuaji ni Jumatano, na wewe ndiye wa kwanza.

Nimeumia. Kuumia huko hakujabadilisha nilichokiona kwenye darubini. Nakupenda, na bado nasema kataa.

Mwanao

Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote ambazo sikuzijibu. Mimi mzima kiasi, kamili siyo. Wamekata, chini kidogo ya goti. Daktari anasema kidonda kinakauka vizuri, ila jana kidole ambacho hakipo kiliniwasha nikainama kukikuna. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nesi akaleta chai.

Siku ile nilikuona. Kitanda changu kilikuwa dirishani, na dirisha linatazama ngazi. Nikasema akae, jua litamwondoa. Hukuondoka. Nilikutazama muda wote huo nikajiuliza, mtoto huyu anapata nini? Kazi hana, mama hana, na bado amekaa. Nilitafuta faida yako sikuiona. Usiku usingizi ukanikataa.

Jumatano asubuhi wakaja na machela. Daktari wangu, na nyuma yake mtu wa tai, amebeba mrija kwenye pakiti yake kama amebeba keki. Ndiye Profesa wako.

"Mama, leo unaandika historia," akaniambia.

"Historia nitaandika, baba. Kwanza niambie, huo mrija mmeujaribu kwa damu ya mtu mwenye sukari?"

Hakujua mimi ni nani. Akaanza kunizungusha, mara tafiti za awali, mara viwango vya kimataifa. Miaka yote hii nimesimama nyuma ya vichwa vya watu wakinisimulia mambo yao. Mtu anayezunguka namjua hata akiwa amevaa tai. Nikamwambia, "Nimeuliza swali la ndiyo au hapana."

Kitanda cha pili yuko dereva wa lori, naye alikuwa kwenye orodha, wa pili baada yangu. Akajiinua kwa kiwiko. "Na mimi nalisubiri jibu hilo hilo," akasema.

Daktari wangu akamgeukia mwenzake. "Profesa, mmejaribu?"

"Kuna mfanyakazi mmoja alijaribu, lakini matokeo yake..."

"Yalisemaje?"

Mtu wa tai akaigeuza pakiti yake kana kwamba jibu limeandikwa nyuma. Nikasema, "Huyo mfanyakazi nilimzaa mimi. Yalisema chembe hazili."

Daktari akavua glavu. Aliniambia wazi kwamba yeye hauweki mrija huo, wala hana kingine cha kunipa, na mguu hautasubiri. Nikamwambia najua. Kata.

Usidhani nilikuwa shujaa. Nililia mpaka wakanichoma nusu kaputi. Niliwatukana manesi, nikakutukana na wewe kwa jina lako kamili. Bado nina hasira na wewe, itakaakaa kidogo, ikiisha nitakuambia. Lakini ukinijia na machozi nitakufukuza kwa gongo langu la kutembelea.

Njoo na sindano. Nimezunguka wodi hizi kwa kiti cha magurudumu, wenye sukari tumejaa kila chumba, na kila niliyemwambia amekunja mkono wa shati. Dereva ndiye wa kwanza, kidonda chake bado kinampa muda kidogo, anataka mrija unaofanya kazi na amekataa huo wa keki. Daktari amepata chumba nyuma ya stoo ya mashuka, kina darubini moja ya zamani. Fundi wenu naye amefukuzwa, ameshapiga simu kuuliza anaanza lini. Utengenezeni upya, mara mia mkitaka, mpaka chembe zetu sisi nazo ziwale bakteria.

Na kama Profesa atakuja kuuliza kwa ruhusa ya nani, mlangoni mwa chumba hicho nitakaa mimi. Kazi ya kukaa nimeshaanza kuizoea.

Watu wananipa pole kwa kupoteza mguu. Nawaambia mguu wangu haukupotea, najua siku uliyokwenda na najua nani alisema kata. Ni mimi.

Mama yako