Pini Zimeisha, Mjomba Haniamini

Mpendwa mshauri, swichi ilitakiwa ilie tak moja nikasikia mbili, na tangu siku hiyo mlio huo haujanitoka masikioni, kwa hiyo naomba unisaidie kabla sijakosana na mtu aliyenifundisha kulehemu. Mama mkubwa anatotolesha vifaranga, na mimi niliyesomea umeme nikamtengenezea kabati la mayai linalojiendesha: bodi ndogo yenye chipu moja inapima joto, inawasha taa na feni, inageuza trei, na limemtendea vizuri mpaka sasa anataka kabati la pili. Shida ni kwamba pini za ile chipu, yaani vile vijiguu ambavyo kila kimoja kinasoma kitu au kuwasha kitu, zimekwisha zote. Mjomba, ambaye ni fundi redio, akasema, "Nunua bodi kubwa, mpwa wangu. Mtungi ukijaa unatafuta mwingine, huushindilii." Nikakataa, kwa sababu ipo chipu ya kuongeza pini, unaiunganisha na bodi kwa nyaya mbili tu za mawasiliano inakupa pini mpya nane, na bodi inabaki ile ile ninayoijua nje ndani. Nikafunga mbili, moja kila kabati, ili makabati yafanane.

Kila chipu inatakiwa iwe na anwani yake, na mimi kwa haraka nikaziacha zote na anwani ya kiwandani. Siku ya majaribio nikaagiza taa ya kabati la pili peke yake: tak-tak, rilei mbili, yaani zile swichi zinazowasha taa, zikaruka pamoja, taa zote zikawaka, kama mapacha waliopewa jina moja. Mjomba alikuwa mlangoni. "Dada!" akamwita mama mkubwa. "Njoo uone, mwanao anataka kuyakaanga mayai yako, si kuyatotolesha."

Kosa nililirekebisha palepale, nikahamisha mguu mmoja wa anwani, na sasa kila chipu inaitika ikiitwa yenyewe. Lakini mjomba haniamini tena, mama mkubwa anaogopa kuweka mayai, na mimi nabishana na mjomba kichwani hata nikiwa napiga mswaki. Nikubali bodi kubwa ili nyumba itulie, au nishikilie ninachojua ni sahihi?

Mpwa Mbishi

*

Mpwa Mbishi, hongera kwanza. Wengi wanaoniandikia hawana hata taa moja inayowaka.

Lakini binti yangu, umetumia barua nzima kunithibitishia kwamba uko sahihi. Nani kakuuliza hilo? Mjomba wako anauliza kama mayai ya dada yake yatapona. Mimi sijui chipu, najua pasi. Pasi yangu waya ukilegea, inapoa. Je, hilo kabati lako, waya mmoja wa mawasiliano ukichomoka wakati taa inawaka, taa itazima au itaendelea? Barua yako ndefu haisemi, na nahisi hujajaribu.

Acha kumbishia kichwani, huko hakusikii. Weka chupa za maji mahali pa mayai, mkaribishe, mpe kiti, mwambie achomoe waya wowote anaoutaka. Kitu kikishindwa usijitetee. Muulize, "Tufanyeje?" Habari ya bodi kubwa au ndogo ije baada ya hapo.

*

Mshauri, shikamoo. Mjomba alichomoa waya wa kwanza tu, taa ikabaki inawaka hadi maji yakawa ya kuoga. Nilikuwa na maneno tele niliyoyaandaa, nikayameza, nikauliza kama ulivyoniagiza.

"Ehe, sasa tunaongea," akasema, akasogeza kiti.

Bodi ndogo imebaki, na chipu zake mbili. Ila kila kabati sasa lina swichi ya joto inayokata taa bila kungoja amri ya chipu yoyote. Mjomba alilehemu ya kwanza, mimi ya pili. Yake imetoka safi zaidi, na nimemwambia. Tulichomoa nyaya tena, maji yakabaki vuguvugu, mama mkubwa akaenda mwenyewe kuleta trei.

Leo asubuhi mayai yameingia. Mjomba aliinamisha kichwa, akatega sikio kwenye kabati la pili: tak. Moja. Tukangoja ya pili, haikuja, akanipa bisibisi, nami nikakaza skrubu za kifuniko.