Taa Mpya za Trekta

Halvard,

Supu ya samaki iko jikoni, ipashe tu. Theluji ya uani iache kama ilivyo. ~~Ufunguo wa trekta uko kwenye ndoano.~~ Ufunguo ninao mimi.

Taa ulizofunga hazina kosa, zinamulika mpaka kwenye zizi la jirani. Leo asubuhi nilisimama katikati ya mwanga wote huo, na koti langu jekundu, nakupungia mikono, nawe ukaja na trekta moja kwa moja mpaka nikaruka pembeni. Halafu eti, "Niongeze taa nyingine mbele."

Uongeze ngapi, mume wangu? Mwenzio sijui nikufanyeje. Nimeenda kukuombea nafasi kwa daktari wa macho.

Nimeandika kwa herufi kubwa. Ukishindwa kusoma, usisingizie taa ya jikoni.

Mkeo,
Torunn